Ukikwama juu: ushushe mashine, ushike ngazi, au ushuke kwa kamba?

Manlifti, yaani mashine ya kumwinua mtu kwa kikapu au jukwaa, ikizima opareta akiwa mita 18 hewani, wengi walioko chini hukimbilia simu. Wachache hukimbilia paneli iliyoko ubavuni mwa mashine, ambayo ingemfikisha chini kabla simu haijapokelewa. Ulinganisho huu ni wa msimamizi wa saiti, afisa usalama au mwenye kampuni anayetaka kujua fedha na mafunzo aviweke wapi: kwenye kuishusha mashine yenyewe, kwenye kikapu cha pili, kwenye ngazi, au kwenye kamba yenye kifaa cha kushukia. Kila njia ina mashine yake. Tunachokiona mara nyingi ni begi la kamba limenunuliwa kwa mashine isiyolihitaji, huku mashine isiyo na njia nyingine yoyote ikiwa mikono mitupu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa manlifti, mtu mmoja wa chini anayeijua paneli ana thamani kuliko kamba yoyote utakayouziwa. Kwa winchi ya gatini, ile kreni kubwa ya kontena bandarini, na kwa kreni ya mnara mambo yanageuka, kwa sababu kabini haishuki.

Umeme kwanza, maana unafuta njia zote

Mashine ikigusa waya wa umeme, paneli ya chini inakuwa mtego. Anayeishika akiwa amesimama ardhini ndiye anayekuwa njia ya umeme kwenda chini, na yule wa kikapuni aliyekusudiwa kuokolewa anaweza kuwa mzima kabisa muda wote huo. Laini za kilovolti (kV) 11 na 33, ndizo nyingi kwenye barabara za Tanzania na Kenya, hazihitaji hata kuguswa. Ukizisogelea sana umeme unaruka. Kanuni ya Marekani inataka umbali usiopungua mita 3 kwa laini za hadi 50 kV, nacho ni kipimo kizuri kukariri.

Aliye juu abaki juu. Kama vidhibiti vyake bado vinafanya kazi, aiondoe mashine kwenye waya yeye mwenyewe. Walioko chini wakae mbali, angalau mita 10, na mmoja apige simu TANESCO au Kenya Power. Laini ikionekana imekufa, msiiamini: vifaa vya kwenye nguzo vinaweza kuirudisha vyenyewe baada ya sekunde chache, na hufanya hivyo zaidi ya mara moja. Mnasubiri mafundi wa shirika waseme imekatwa na imeunganishwa na ardhi (earth). Kuruka ni kwa moto tu, tena kikapu kikiwa chini kiasi cha kurukika: miguu pamoja, bila kushika mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha unaburuza nyayo zikiwa zimegusana hadi uwe mbali.

Kuishusha mashine: ya mkasi na ya mkono

Kama hakuna umeme, hii ndiyo njia ya kwanza kwa manlifti zote. Kiwango cha Ulaya cha EN 280 kinadai mashine iwe na mfumo wa kumrudisha mtu chini nishati kuu ikikatika, kwa hiyo kifaa umeshakilipia wakati wa kununua au kukodi. Kilichobaki ni kukifahamu.

Ya mkasi, ambayo jukwaa lake hupanda wima kwa vyuma vinavyopishana, ni rahisi mno. Kuna kishikio, mara nyingi nyuma au ubavuni mwa chasisi, kinachofungua vali ya silinda. Unavuta, unashikilia, jukwaa linashuka kwa uzito wake lenyewe, ukiachia linasimama. Kwenye nyingi huhitaji injini wala betri. Matatizo yake pia ni machache na yanajulikana: waya wa kishikio umeota kutu kwa sababu haujavutwa tangu mashine ifike, bomba au boriti imeingia chini ya jukwaa, au anayevuta ameegemea mashine na mkono wake uko katikati ya vyuma vya mkasi vinavyofunga. Kama sehemu ya jukwaa ya kusukumwa mbele imetolewa, itazamwe kabla ya kushusha, maana ndiyo hunasa kwenye kingo za ukuta.

Ya mkono, yenye kikapu kwenye ncha ya mkono unaorefuka, inadai akili zaidi, na hapa ndipo mafunzo yanapolipa. Mfuatano ni huu. Tazama juu kwanza na mwite opareta. Zungusha kitufe chekundu cha paneli ya chini kitoke. Geuza ufunguo kutoka kikapuni kwenda chini. Kwenye mashine nyingi hatua hiyo inaondoa mamlaka ya kikapu, hata kama opareta amezima kila kitu. Shikilia swichi ya ruhusa, ambayo bila kushikiliwa mashine haisogei, kisha rudisha mkono ndani kabla ya kuushusha. Wengi hukosea hapo. Mkono uliorefushwa ukishushwa hivyo hivyo, kikapu kinazidi kwenda mbali na chasisi, na uzito ule ule unavuta mashine kwa nguvu kubwa zaidi. Mashine iliyokuwa salama ikiwa imeinuka inaweza kupinduka wakati wa kushuka, na mara nyingi sensa zake zitakataa kabla ya hapo, ukabaki unabonyeza swichi isiyojibu huku walio pembeni wakikupigia kelele.

Injini ikiwa imekufa, kuna pampu ya akiba inayokula umeme wa betri. Iendeshe kwa vipande vifupi, uiache ipumue. Ni ya polepole na huchemka. Betri ikiwa imekwisha, pampu ya akiba nayo ni pambo. Ndiyo maana ukaguzi wa asubuhi usioijaribu pampu hiyo kwa sekunde chache haujakamilika, hata kama fomu imejazwa tiki zote.

Yanayoharibu zoezi hili yako mengi. Ufunguo umechomolewa ili mtu asichezee mashine, sasa uko mfukoni mwa opareta aliyezimia. Mashine imeegeshwa paneli ikitazama ukuta na hakuna nafasi ya kuingiza hata kiwiliwili. Kuna anayejua mashine ya kampuni A, lakini leo imekodiwa ya kampuni B na swichi zake zimepangwa tofauti. Dawa ya hili la mwisho ni dakika tano: mashine ikishushwa kwenye lori, mtu wa chini aishushe kutoka mita 2 kwa paneli ya chini na kwa pampu ya akiba, kabla haijaanza kazi.

Kuna hali moja ambapo haraka inaua. Opareta amebanwa kati ya reli ya kikapu na boriti iliyoko juu yake, kifua kimelala juu ya levea, na kwa sababu levea bado imesukumwa mashine inazidi kupanda. Aliyebanwa hivyo hapumui. Mtu wa chini anatakiwa aichukue mashine mara moja, lakini mwendo wa kwanza uwe ule unaomtoa kwenye chuma. Wakati mwingine ni kushusha, wakati mwingine kuzungusha au kurudi nyuma, na mwendo usio sahihi wa nusu mita unaweza kumuua. Sensa ya uzito nayo inaweza kuhesabu kubanwa huko kama mzigo uliozidi na kufunga mwendo wote. Mashine nyingi za kisasa zina swichi maalumu ya kuipita, mara nyingine chini ya kifuniko chenye lakiri. Mtu wa chini aijue ilipo.

Kikapu cha pili

Njia hii inapendwa sana kwenye mazungumzo, na ni ya mwisho kwa manlifti. Mashine mbili ziwe sambamba, vikapu vikaribiane bila kugongana, na mwokoaji awe na kamba mbili za kujifungia: moja inafungwa kwenye kikapu kipya kabla ya ile ya zamani kufunguliwa. Vikapu vingi vya mkono hubeba takriban kilo 230. Mwokoaji wa kilo 85, majeruhi wa kilo 90 na vifaa, umeshaukaribia mpaka. Ukipanda na mwenzako wa kukusaidia, umeupita. Pia kwenye upepo unaozidi mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa, manlifti za nje kwa kawaida haziruhusiwi kuinuka kabisa, na wakati wa kusi hilo si jambo la nadra pwani. Ichague tu kama paneli ya chini na pampu ya akiba vyote vimeshindikana, na mashine ya pili iko hapo hapo saitini.

Kamba ya kushukia kutoka kikapuni hatuipendekezi. Kamba fupi ya hanesi, ule mkanda wa usalama wa mwilini, imekusudiwa kukubakiza ndani ya kikapu. Mtu anayepanda reli ili aanze kushuka anajiweka mahali ambapo kuanguka kunawezekana zaidi kuliko alipokuwa.

Kreni ya mnara: ngazi au kamba?

Hapa kabini iko palepale, mtu ndiye anayeshuka. Ngazi ya ndani ya mnara ndiyo njia ya kila siku, na kwa opareta mzima ndiyo bora zaidi kwa hitilafu ya kawaida, kama umeme kukatika au mota kufa. Haihitaji kifaa, na majukwaa ya njiani yanampa pa kupumzika. Mita 40 zina vipago zaidi ya 130. Kwa mtu mwenye afya ni kazi ya dakika chache. Kwa mwenye maumivu ya kifua, au aliyeungua mikono, ni kitu kingine.

Kabla ya kuondoka, breki ya kuzungusha mkono iachiliwe ili mkono ufuate upepo. Kreni iliyoachwa imefungwa breki inaupokea upepo ubavuni, na inaweza kuangusha mnara wote juu ya hao mliokimbia kuwaokoa.

Ngazi inashindwa katika hali mbili. Ya kwanza ni opareta asiyejiweza. Machela haipiti kwa urahisi kwenye matundu ya majukwaa ya ndani ya mnara, hivyo majeruhi hushushwa kwa nje, kwa kamba, na waokoaji wasiopungua wawili waliopanda na vifaa. Ya pili ni moto chini ya mnara. Desemba 2013 huko Kingston, Ontario, nchini Kanada, jengo la mbao lililokuwa likijengwa liliwaka na opareta wa kreni hakuweza kushuka kwa ngazi. Alitambaa nje juu ya mkono wa kreni hadi helikopta ya jeshi ikamchukua. Novemba 2023 mjini Reading, Uingereza, ilikuwa kinyume: opareta wa kreni aliteremsha kizimba cha kubebea watu akamnyanyua mtu aliyekwama juu ya jengo lililokuwa likiwaka. Kutoka matukio hayo mawili tunachukua mambo mawili ya ununuzi. Kreni iliyo juu ya jengo linaloweza kuungua iwe na kishushio ambacho pointi yake ya kufungia iko mbali na mnara, kwenye mkono au upande wa nyuma wenye uzito wa kusawazisha. Na kizimba cha watu kilichokaguliwa kiwepo saitini, kisiwe bado kinaagizwa.

Winchi ya gatini

Opareta wa winchi kubwa ya kontena, ya aina iliyoko Mombasa na Dar es Salaam, hukaa kwenye kabini inayosafiri na troli, kigari kinachotembea juu ya boriti ya winchi, mara nyingi mita 40 au zaidi juu ya gati. Anaingia na kutoka mahali troli inapoegeshwa. Ikizima katikati, juu ya meli, mlango wake unafunguka kwenye hewa.

Chaguo la kwanza ni mwendo wa dharura: fundi anapanda chumba cha mashine, anaunganisha mota ndogo au kuzungusha kwa mkono, na troli inatambaa hadi maegeshoni. Ni salama kabisa na ni ya polepole. Umeme umekatika, opareta ana maji ya kunywa na hana shida? Subirini fundi. Kabini ina moshi, au meli imeugonga mguu wa winchi? Hakuna cha kusubiri, na kamba kupitia mlango wa sakafuni ndiyo njia pekee. Kwa mashine hii begi la kushukia si anasa.

Winchi za matairi za uwanjani ziko chini zaidi, kabini ikiwa kama mita 20, na zina kishawishi chake: paa la kontena lililo karibu chini ya kabini. Opareta asijaribu kushukia hapo. Paa hilo halina reli, mara nyingi lina umande au vumbi, na ukishafika bado uko mita kadhaa juu, sasa bila njia yoyote.

Kamba ya aina gani?

Kuna kishushio chenye breki ya kujiendesha na kuna cha levea. Cha kujiendesha kina breki ya msukumo wa mzunguko: kadiri kamba inavyokimbia ndivyo inavyobana. Unajifunga, unatoka, kinakushusha hata ukizimia. Chenye ncha mbili kina faida nyingine: ncha moja ikishuka na mtu, ya pili inapanda kumfuata anayesubiri. Cha levea kinampa mtumiaji uwezo wa kusimama njiani au kukwepa kitu, lakini kinataka mazoezi. Mwenye hofu hukaza mkono kwa nguvu, na vingi vimeundwa kufunga vikikazwa kupita kiasi. Akizimia huachia levea na kubaki akining'inia. Kwa opareta anayefanya mazoezi mara moja kwa mwaka, chukua cha kujiendesha bila kufikiri sana. Cha levea kiachiwe kikosi cha uokoaji.

Kiwango cha EN 341 kinataka mwendo uwe kati ya mita 0.5 na 2 kwa sekunde, maana yake mita 40 ni kati ya sekunde 20 na 80. Kinavigawa vifaa kwa nishati ambayo breki imepimwa kuimeza. Hesabu yake ni uzito × 9.81 × kimo × idadi ya kushuka. Mtu wa kilo 100 kutoka mita 40 ni jouli 39,240 kwa mara moja.

| Daraja | Nishati (jouli) | Mara ngapi, kilo 100, mita 40 |
|---|---|---|
| A | 7,500,000 | 191 |
| B | 1,500,000 | 38 |
| C | 500,000 | 12 |
| D | hutegemea kifaa | 1 |

Kabini ina mtu mmoja, labda na mwanafunzi wake. Daraja C linatosha na kubaki. Muuzaji atakusukumia A. Mwambie tofauti hiyo ya bei uitumie kwa begi la pili la mazoezi, ili lile la kabini libaki na lakiri yake. D ni la bei nafuu zaidi na halifai hapa, kwa sababu wakiwa wawili mmoja anabaki. Soma pia uzito wa chini na wa juu kwenye bamba la kifaa. Mtu mwepesi kuliko kiwango cha chini anaweza kusimama njiani.

Pointi ya kufungia ipimwe kwa 12 kN, karibu sawa na kuning'iniza kilo 1,200. Usiifunge kwenye mguu wa kiti wala kwenye bomba la reli ya mlango. Ukingo wa tundu la sakafuni ni chuma chenye makali, na kamba iliyobeba mtu ikisugua hapo hukatika. Kinga ya ukingo iwe imefungwa tayari, isiwe kitu cha kukumbukwa kwenye moshi.

Urefu wa kamba hukosewa kwenye bandari kuliko popote. Watu hupima kutoka kabini hadi gati. Troli ikikwama juu ya nafasi kati ya meli na gati, unashukia majini, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hupita mita 3. Pima hadi usawa wa maji yaliyokupwa kabisa, ongeza mita kadhaa, na boya la kuvaa liwe begi moja na kishushio.

Chumvi nayo hailali. Kwenye kabini ya gatini inakula chuma cha ndoano na chemchemi za breki kimya kimya, hivyo begi liwe la kuzuia unyevu na lifungwe kwa lakiri yenye namba. Mkaguzi mwenye sifa alione angalau kila miezi 12, na tarehe ya mwisho ya kamba iliyowekwa na mtengenezaji iheshimiwe hata kama kamba inaonekana mpya.

Aliyekwisha kuanguka

Aliyekamatwa na hanesi na kubaki akining'inia ana saa yake mwenyewe. Asiposogeza miguu, damu hukusanyika chini na moyo unakosa ya kusukuma. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, imeonya kuwa kifo kinaweza kuja chini ya dakika 30. Vitanzi vya miguu kwenye hanesi, vya kusimamia ukining'inia, ni vya bei ndogo, navyo ndivyo tungenunua kabla ya kitu kingine chochote kwenye orodha hii. Kama mashine bado inaendeshwa, mara nyingi njia ya haraka ni kuishusha na yeye akiwa amening'inia, polepole, mtu mmoja akimpokea miguu.

Zimamoto wapigiwe, 114 kwa Tanzania na 999 au 112 kwa Kenya, tena mapema. Lakini foleni ya mjini na urefu wa ngazi zao haviko mikononi mwenu, na sheria za usalama kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamwekea mwajiri wajibu wa mahali pake pa kazi.

Imebaki mashine moja inayosahaulika: forklifti ya ghala ambayo opareta hupanda nayo kuchukua mizigo rafuni. Ina vali ya kushushia chini, kama ya mkasi, na hiyo ndiyo ya kwanza. Ila hufanya kazi kwenye njia nyembamba kati ya rafu, mara nyingi zamu ya usiku na mtu mmoja tu humo ndani. Hakuna wa kuvuta vali. Kwa sababu hiyo, kati ya mashine zinazoweza kushushwa kutoka chini, ni hii pekee ambayo tungeiwekea begi la kamba juu, fupi, la daraja D, pamoja na redio ya mkononi iliyochajiwa.